Maktaba za Carnegie zililipiwa na nani?

Husemwa tangu zamani kwamba Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, aliwapa watu maktaba zaidi ya 2,500 bure, na kwamba bila utajiri mkubwa kama ule zisingekuwapo. Majengo aliyagharamia kweli, hilo tusimnyime. Ila mji uliotaka jengo ulitakiwa kutoa kiwanja, kisha kutenga kila mwaka asilimia 10 ya kiasi alichotoa ili kuiendesha maktaba. Mji uliopewa dola 20,000 ulijifunga kutoa 2,000 kila mwaka kutoka kwenye kodi. Piga hesabu ya miaka 10 tu: wananchi wameshamfikia, na bado wanaendelea kulipa.

Na fedha zake zilitoka wapi? Mwaka 1892, huko Homestead, Pennsylvania, kampuni yake ilitaka kushusha ujira. Wafanyakazi wakagoma, watu wakauawa kwa risasi, chama chao kikavunjwa nguvu. Mwenyewe alikuwa mapumzikoni Uskoti. Ndiyo maana mwaka 1904 wafanyakazi wa Wheeling, West Virginia, waliupinga msaada wake, na kura ikaukataa. Tena, mtu wa zamu ya saa 12 mfululizo tanuruni angesoma saa ngapi?