Je, wajua? Nchi ikitajwa kuwa inatesa waumini, msaada wa kijeshi haukatiki wenyewe

Mwishoni mwa 2025, tulipotoka kwenye ibada ya kuwaombea Wakristo wa Nigeria, mzee mmoja wa kanisa letu hapa Mbeya aliniuliza: "Mwanangu, hivi Marekani ikishaitaja nchi kwamba inatesa Wakristo, si inaikatia msaada wa kijeshi hapo hapo?" Nikamjibu ndiyo, tena bila kusita. Nilimpotosha mtu mzima, na nimekuta wengi tunaamini hivyo hivyo.

Sheria yenyewe, ya Marekani kuhusu uhuru wa dini duniani, ilisainiwa na Rais Bill Clinton mwaka 1998. Haiwahusu Wakristo peke yao: Waislamu wa Uyghur wa China na Wabahai wa Iran nao wamo. Nchi inayokanyaga vibaya uhuru wa dini huwekwa kwenye orodha, na mimi nilidhani kuwekwa humo ndiyo hukumu. Kumbe ni kusomewa shitaka tu. Sheria ina hatua 15, kuanzia kuonywa faraghani hadi kunyimwa msaada wa usalama. Kwa nchi iliyo kwenye orodha, rais hutakiwa kuchagua katika zile kali au kuingia makubaliano nayo.

Ila kuna milango miwili ya kutokea. Fikiria kikoba chenu. Mwanachama amevunja kanuni, faini imeandikwa, lakini mwenyekiti ana ruhusa ya kumsamehe akiona kikundi kitaumia. Huo ni mlango wa kwanza. Wa pili: mwanachama tayari analipa faini ya kosa la zamani, na katibu anaandika kwamba faini ile ile inatosha na kwa kosa jipya. Hatoi shilingi ya ziada, na daftari linaonyesha ameadhibiwa.

Saudi Arabia imo kwenye orodha tangu 2004, ikasamehewa kwa maslahi ya Marekani. China iliingia 1999, na adhabu iliyoandikwa ni zuio la kuuziwa vifaa vya polisi, ambalo lilikuwepo tangu 1990 kwa sababu ya mauaji ya waandamanaji wa Tiananmen, Beijing. Nigeria iliingia Desemba 2020 pamoja na msamaha wake. Mwaka 2021, ikiwa bado kwenye orodha, ikapokea kutoka Marekani ndege za kivita za Super Tucano ilizozinunua. Novemba mwaka huo ikaondolewa, na 2025 ikarudishwa.

Eritrea ndiyo iliyopewa adhabu mpya, si ya zamani iliyoandikwa tena: mwaka 2005 ilizuiwa kuuziwa silaha za Marekani. Hata hivyo, baadhi ya wachungaji waliokamatwa huko 2004 walitimiza miaka 20 gerezani.

Kinachogusa msaada wa kijeshi kwa karibu zaidi ni sheria nyingine ya Marekani, ya miaka ya 1990, yenye jina la aliyekuwa Seneta Patrick Leahy. Inafanya kazi kama mpokeaji kahawa wa AMCOS (ushirika wa wakulima) kule Mbozi: hakatai kahawa ya kijiji kizima, analirudisha gunia lililovunda. Kikosi chenye ushahidi wa kuaminika kwamba kimeua raia, kimetesa au kimebaka hunyimwa mafunzo na vifaa. Kikosi jirani kinaendelea kupata. Dini ya aliyeumizwa haiulizwi.

Hapa napenda twende taratibu. Eritrea mtesaji ni serikali, kwa hiyo kuinyima silaha kuna mantiki. Nigeria wanaochoma vijiji mara nyingi ni Boko Haram na makundi mengine yenye silaha, na wanaua Waislamu pia. Katika majimbo ya Benue na Plateau, chuki ya dini imechanganyika na ugomvi wa ardhi kati ya wakulima na wafugaji. Sisi tunaolijua bonde la Usangu, hapa Mbeya, tunajua ugomvi wa maji na malisho unavyoanza hata pasipo dini.

Nilirudi kwa mzee nikamweleza yote haya. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa jeshi likinyimwa silaha, usiku ule wanapovamiwa, nani atakuja?"