Kabla ya Kununua Kiwanja: Matibabu Katika Hesabu ya Mstaafu

Watumishi wanaonijia kuomba ushauri wa kustaafu hapa Tabora huanza na swali la kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kisha huja swali la kiwanja, au la kumalizia nyumba iliyoishia kwenye lenta huko Ipuli au Malolo. Matibabu hutajwa mwishoni, na mara nyingi ni mimi ninayeyataja. Kwa maoni yangu mpangilio huo umegeuzwa juu chini. Malipo ya mkupuo huja mara moja tu, ilhali gharama za afya huanza polepole na kukua kadiri umri unavyosogea. Kwa hiyo hesabu ya matibabu inapaswa kukamilika kabla ya shilingi yoyote ya mkupuo kupangiwa matumizi mengine.

Tuanze na kikokotoo chenyewe, kwa kuwa ndicho kinachoamua fedha gani itakuwepo na itakuja lini. Mtumishi wa umma hulipwa na PSSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, ulioanza kazi Agosti 2018 baada ya kuunganishwa kwa mifuko ya zamani ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Kustaafu kwa hiari ni kuanzia miaka 55, kwa lazima ni miaka 60, na anayetaka pensheni ya kila mwezi sharti awe amechangia kwa miezi isiyopungua 180. Pensheni ya mwaka hupatikana kwa kuzidisha miezi ya uchangiaji kwa wastani wa mshahara wa mwaka, unaotokana na mishahara bora ya miaka mitatu ndani ya miaka 10 ya mwisho, kisha kugawanya kwa 580. Sehemu ya pensheni hiyo huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, na sehemu inayobaki hugawanywa kwa miezi 12. Tangu Julai 2022 sehemu ya mkupuo ilikuwa asilimia 33. Katika bajeti ya 2024/25 Serikali ikaipandisha hadi asilimia 40 kwa watumishi ambao kabla ya Julai 2022 utaratibu wao ulitoa mkupuo wa asilimia 50, na hadi asilimia 35 kwa wale ambao utaratibu wao ulitoa asilimia 25.

Mfano utasaidia. Mwalimu aliyechangia miezi 420, yaani miaka 35, na ambaye wastani wa mshahara wake bora ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, ana pensheni kamili ya takriban shilingi 10,427,000 kwa mwaka. Kwa asilimia 40, atapokea mkupuo wa takriban shilingi 52,137,000, na pensheni ya takriban shilingi 521,000 kila mwezi. Kama sehemu ya mkupuo ingekuwa asilimia 33, angepokea takriban shilingi 43,013,000, lakini pensheni yake ya mwezi ingefikia takriban shilingi 582,000. Tofauti hiyo ya elfu sitini kila mwezi hutazamwa na wengi kuwa ndogo, mpaka mtu alinganishe na bei ya dawa za shinikizo la damu ambazo lazima zinywewe kila siku hadi mwisho wa maisha.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wa wenzangu wanaolalamikia mkupuo kuwa mdogo. Namba 12.5 katika kikokotoo ni miaka: anayelipwa mkupuo akiwa na miaka 60 amelipwa mapema sehemu ya pensheni yake ya miaka 12 na nusu. Akiishi zaidi ya hapo, na wazee wetu wengi wanavuka miaka 75, sehemu ya kila mwezi ndiyo inayoendelea kumlipa, na haiwezi kuishia katika mradi wa kuku uliokufa kwa mdondo. Kasoro yake ni kwamba haipandi yenyewe kila bei zinapopanda, bali hungoja uamuzi wa Serikali, hivyo pensheni inayotosha leo haitatosha kwa kiwango kile kile baada ya miaka kumi. Ndiyo sababu haifai kuifunga yote, tangu mwezi wa kwanza, kwa marejesho ya mkopo. Mikopo ya wastaafu hutolewa kwa urahisi kwa kuwa pensheni ni dhamana nzuri kwa mkopeshaji. Kwa mzee mwenye kisukari, marejesho hayo hukatwa kwenye fedha ambayo ingenunua insulini.

Sasa kadi ya bima. Mtumishi aliye kazini huchangia NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, asilimia 3 ya mshahara na mwajiri asilimia 3, na kwa michango hiyo hutibiwa yeye, mwenza wake na wategemezi wanne. Akistaafu akiwa mwanachama, huendelea kutibiwa yeye na mwenza wake bila kukatwa mchango, na huo ni utaratibu wenye manufaa makubwa ambao wengi hawauthamini mpaka walazwe. Hata hivyo, wategemezi wengine hutoka. Mtumishi aliyezaa mtoto wa mwisho akiwa na miaka 48 atastaafu mtoto akiwa na miaka 12, na ikiwa bado anamtunza mama yake mzazi, watu hao wawili watahitaji bima nyingine siku ile ile mshahara unapokoma. Bei ya bima ya hiari hupanda kwa umri, hivyo mama wa miaka 80 ndiye atakayegharimu zaidi. Kwa mzee asiye na uwezo upo msamaha wa matibabu kwa wenye miaka 60 na kuendelea, ambao umo katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003; msamaha huo husaidia sana kwenye kumwona daktari, lakini dawa ikikosekana kwenye dirisha la hospitali, familia hulazimika kuinunua mtaani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na kila mwenye wategemezi nje ya kadi yake anapaswa kufuatilia utekelezaji wake kwa karibu.

Kadi nayo ina mipaka. Mwezi Machi 2024, baada ya NHIF kuanza kutumia kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei inazozilipia, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwapokea wanachama wake. Mgonjwa wa siku kama hizo anahitaji fedha mkononi. Lakini gharama kubwa zaidi kwa watu wa ukanda huu wa magharibi ni zile ambazo hakuna bima inayozigusa. Mstaafu wa Urambo au Sikonge huanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, huja Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Tabora, na tatizo likiwa saratani, moyo au figo huenda akapelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Kadi italipia daktari, vipimo na kitanda. Nauli ya kupitia Nzega na Shinyanga, nauli ya msindikizaji, chakula chake na chumba cha kulala karibu na hospitali kwa wiki mbili au mwezi, yote hayo ni ya familia. Wenzetu wa Kigoma, wanaoanzia hospitali ya Maweni, wana safari ndefu zaidi yetu. Ninapompangia mtu bajeti, mstari huu wa safari na msindikizaji huwa ninauandika kando ya mstari wa dawa, na karibu kila mara ndio unaomshangaza.

Kwa sababu hiyo, swali la wapi pa kuishi ni swali la afya pia. Mwajiri wa umma hugharamia usafirishaji wa mizigo ya mstaafu kurudi kwao, na wengi huichukua nafasi hiyo kurudi kijijini bila kuuliza kama zahanati ya huko ina dawa za shinikizo, au kama barabara hupitika masika. Mgonjwa anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki hana hiari: sharti aishi karibu na mashine. Sisemi watu wasirudi kwao. Nasema nyumba ya kijijini ijengwe baada ya kujua kliniki ya kila mwezi itahudhuriwa wapi.

Fedha ya afya iwekwe wapi? Sipendi kuona yote imekaa katika akaunti ya kawaida ya benki, wala sipendi ikopeshwe kwa ndugu. Sehemu ya gharama za haraka inaweza kukaa katika Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako hutolewa bila kusubiri sana. Sehemu kubwa inafaa kununulia hatifungani za Serikali, yaani mkopo unaoipa Serikali kwa riba, zinazouzwa na Benki Kuu kupitia benki za biashara, kuanzia shilingi milioni moja, na ambazo hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Kwa kiwango cha asilimia 12, milioni 10 huleta shilingi 600,000 kila nusu mwaka, na mtaji hubaki. Tarehe za kulipwa riba hujulikana mapema, jambo linalomwezesha mtu kupanga safari ya kliniki ya Mwanza ilingane nazo.

Kwa wakulima wa tumbaku, mafundi na wafanyabiashara, ambao hawana mwajiri wa kuwachangia, NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, huwasajili waliojiajiri, na bima wajikatie wenyewe. Ushauri wangu kwao ni mfupi: michango ilipwe mara tu malipo ya tumbaku yanapoingia, kabla ya msimu wa harusi.

Limebaki jambo la nyaraka, ambalo huchelewesha watu kuliko kikokotoo chenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mafao ni vivyo hivyo. Jina lililo katika kitambulisho cha NIDA, barua ya ajira, taarifa ya michango na kadi ya NHIF liwe moja, kwa herufi zile zile. Tarehe ya kuzaliwa nayo iwe moja. Mwenza asajiliwe kwa cheti cha ndoa mapema, kwa kuwa kusahihisha taarifa ukiwa bado unaona afisa utumishi kila siku ni rahisi kuliko kusahihisha ukiwa Kaliua na mwenza amelazwa Kitete. Mtu akikupigia simu akidai ni afisa wa mfuko na kwamba faili lako litasogea ukituma fedha kidogo, kata simu, kisha nenda ofisini kwa miguu yako. Miaka mitatu kabla ya tarehe ya kustaafu inatosha kuyafanya haya yote bila haraka. Chini ya miezi sita, anza na taarifa ya michango, halafu kadi ya mwenza.