Elimu kwa Umma: Kabla hujamtumia "admirali rubani" ada ya likizo, muulize amepitia wapi

Malalamiko yanayofika katika kitengo chetu cha kuzuia udanganyifu siku za karibuni yana sura moja. Mlalamikaji amefahamiana mtandaoni na mtu anayejitambulisha kuwa rubani wa Jeshi la Majini la Marekani. Sasa ni admirali, yuko melini, ni mjane, ana mtoto mmoja shule ya bweni, na anahitaji kulipiwa ada ili aruhusiwe likizo aje kufunga ndoa. Picha ni za kweli. Sare ni ya kweli, na nyota mabegani ni za kweli. Ila mwenye picha hajui kwamba ana mchumba Tabora.

Hatuandiki kumcheka mtu. Wanaoleta malalamiko ni watu wazima, wana kazi zao na akili timamu, na wanaume wamo. Tatizo ni kwamba onyo la "jihadharini na matapeli" kila mmoja hulisoma akidhani linamhusu jirani. Kwa hiyo safari hii tunaeleza jambo ambalo tapeli mwenyewe hajajishughulisha kulijua: rubani wa majini hufikaje kuwa admirali. Tumemchagua ofisa mmoja ambaye utumishi wake uko wazi, na ambaye ni marehemu, ili asije mtu akatuandikia kwamba anachati naye.

James L. Holloway III alizaliwa mwaka 1922 huko Charleston, South Carolina. Alihitimu Chuo cha Jeshi la Majini cha Annapolis mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, na hakwenda angani bali melini. Oktoba 1944 alikuwa ofisa wa mizinga kwenye manowari Bennion katika mapigano ya usiku ya mlango-bahari wa Surigao, Ufilipino. Urubani aliusomea baada ya hapo. Katika Vita vya Korea alirusha ndege za jeti aina ya Panther kutoka melini, akiwa msaidizi wa mkuu wa kikosi. Mkuu wake alipotunguliwa, yeye ndiye aliyeshika uongozi. Mwaka 1958 alikuwa mkuu wa kikosi kingine, cha ndege za Skyhawk, zilizowakinga angani wanamaji wa Marekani waliposhuka Lebanon. Hapo alikuwa na miaka 16 ya utumishi, na hana hata nyota moja ya uadmirali.

Tukae kidogo kwenye hatua iliyofuata, maana ndiyo inayowatenga marubani na maofisa wengine. Sheria ya Marekani ya mwaka 1926 iliweka sharti kwamba meli ya kubeba ndege za kivita iongozwe na ofisa wa fani ya urubani. Sharti hilo liliwatoa jasho wakubwa. Ernest King alipata mabawa ya urubani (beji ya anayefuzu) mwaka 1927 akiwa na miaka 48, na William Halsey mwaka 1935 akiwa na miaka 52, umri ambao wenzao walikuwa wanahesabu pensheni. Wote wawili walikuja kuwa maadmirali wa nyota 5. Mpaka leo mkuu wa meli ya aina hiyo lazima awe rubani au ofisa wa anga wa jeshi la majini, yaani yule anayeruka na rubani akishughulikia uelekezaji wa ndege na silaha. Na kwa kuwa meli zenyewe sasa zinaendeshwa kwa vinu vya nyuklia, kuruka peke yake hakutoshi.

Holloway alilijua hilo vizuri. Kabla ya kukabidhiwa Enterprise, meli ya kwanza ya kubeba ndege inayotumia nyuklia, yenye vinu 8, alirudishwa darasani kusomea vinu chini ya Admirali Hyman Rickover, mtu ambaye maofisa wengi walimwogopa kuliko adui. Aliiongoza Enterprise kuanzia 1965 hadi 1967, na Desemba 1965 ikawa meli ya kwanza ya nyuklia kuingia vitani, pwani ya Vietnam. Muda huo cheo chake kilikuwa kapteni. Msichanganye: kapteni wa majini ni sawa na kanali wa nchi kavu, si yule kapteni mwenye nyota tatu mnayemwona kambini. Nyota yake ya kwanza ya uadmirali ilikuja takribani robo karne baada ya kutoka chuoni, akiwa amevuka miaka 40.

Tunarudia: robo karne, na huyu alikuwa miongoni mwa waliokwenda haraka. Mtu anayekuandikia kwamba ni admirali, rubani, na ana miaka 36, ameruka hatua ambazo hakuna anayeziruka. Siku hizi rubani wa ndege za jeti hufungwa na utumishi wa miaka 8 tangu siku anayovishwa mabawa, na hapo huwa ni luteni tu.

Utaratibu wa cheo nao haufichwi. Bodi ya maofisa hupitia majalada, Rais hupeleka jina, Seneti huthibitisha. Majina ya wanaopendekezwa kuwa maadmirali hutangazwa hadharani. Asiyechaguliwa mara ya kwanza huhesabiwa kuwa amepitwa, akipitwa tena njia huanza kuwa nyembamba, na kapteni ambaye hakupanda hustaafishwa kwa sheria akifikisha miaka 30 ya utumishi. Kwa hiyo hakuna "admirali wa siri".

Ipo pia dhana kwamba rubani akishakuwa admirali kazi yake inabaki kupiga picha. Usiku wa tarehe 27 Agosti 1972 Holloway, sasa wa nyota 3 na mkuu wa Kundi la Saba la Meli, alikuwa ndani ya Newport News, manowari ya mizinga mikubwa, iliyoingia na meli nyingine tatu kupiga shabaha za bandari ya Haiphong. Wakati wa kutoka, boti za torpedo zikajitokeza gizani. Akashika redio mwenyewe, akaita ndege yoyote ya kundi lake iliyokuwa karibu ije kumwashia mianga. Zikaja Corsair mbili. Alianzia kwenye mizinga, akapitia angani, na usiku ule alihitaji vyote viwili. Mwaka 1974 akawa Mkuu wa Operesheni za Jeshi la Majini, cheo cha juu kabisa katika jeshi hilo, hadi 1978. Alifariki Novemba 2019 akiwa na miaka 97.

Sasa turudi kwenye hiyo ada. Mwanajeshi wa Marekani hupata likizo ya siku 30 kwa mwaka, huiomba kwa mkubwa wake wa kazi, na hailipiwi. Hakuna fomu ya likizo inayojazwa na mchumba, hata iwe na nembo ya tai na mihuri mitatu. Barua pepe rasmi za jeshi hilo huishia na .mil, si huduma za bure ambazo hata wewe unazo. Swali la "lakini je, kama huyu wangu ni tofauti?" tumeshalijibu mara nyingi kwenye simu, na jibu halijabadilika.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara tatu ya thamani ya manufaa aliyopata mkosaji, kutegemea kipi ni kikubwa, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Anayeazimisha laini yake ipokelee pesa hizo asidhani yuko pembeni. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyake, na wa kwanza kuitwa kituoni ni yeye. Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili.

Ukishatuma pesa, usifute mazungumzo kwa aibu. Hifadhi jumbe zote, namba na risiti za miamala. Piga huduma kwa wateja ya mtandao au benki uliyotumia, siku hiyohiyo, uombe muamala uzuiwe kama bado haujatolewa. Nenda kituo cha polisi, toa maelezo, chukua RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Bila RB uchunguzi wa akaunti ya mtu mwingine hauanzi, na kutulalamikia sisi hakubadilishi hilo. Ujumbe wa kitapeli uliokuja kwa simu utume kwenda 15040, kisha mfumo ukikujibu, andika namba iliyokutumia. Na akitokea "wakala" anayedai atakurudishia pesa zako kwa kamisheni ya kulipwa mbele, mara nyingi ni kundi lilelile, kwa hiyo namba yake nayo itume 15040.