Kuishtaki serikali Banjul au Arusha: mbona malalamiko mengi yanarudi?

Malalamiko tunayoletewa yapelekwe Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul, au Mahakama ya Afrika, Arusha, yameongezeka. Hilo ni jema. Lakini mengi hayavuki kizingiti cha kupokelewa, na si kwa sababu mlalamikaji hakuonewa.

Juzi nilifungua bahasha ya kaki ya mtetezi mmoja. Ndani mlikuwa na vipande vya magazeti vilivyobanwa kwa pini, na barua ya kurasa tatu inayoiita serikali "genge la majambazi". Notisi ya kuwahamisha watu, ambayo ndiyo kesi yenyewe, haikuwemo. Eti ilibaki kwa mzee wa kijiji.

Kifungu cha 56 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu hakina mafumbo. Lalamiko lisiwe na lugha ya matusi dhidi ya dola, wala lisitegemee habari za magazeti na redio peke yake. Litaje mlalamikaji, hata akiomba jina lisitangazwe. Liwe limemaliza ngazi za mahakama za ndani, isipokuwa ikidhihirika kwamba zinachelewesha kupita kiasi, kisha lifikishwe ndani ya muda wa kuridhisha. Ukidai umecheleweshwa, leta nakala za kuahirishwa kwa kesi, zenye muhuri. "Mahakama zetu si tunazijua" si ushahidi. Na hati ya kiapo usiijaze kwa kukisia. Kiapo cha uongo ni jinai, na wapo wanaosubiri uwape sababu hiyo.

Tazameni Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau, Kenya. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 waondoke. Watetezi wao waliifikisha Banjul, na Novemba hiyohiyo Tume ikaitaka serikali isimamishe zoezi. Kenya haijaweka tamko la Kifungu cha 34(6) cha Itifaki iliyounda Mahakama, yaani tamko la kukubali kushtakiwa na watu binafsi, kwa hiyo raia wake hawaendi Arusha moja kwa moja (Tanzania nayo iliondoa lake mwaka 2019). Tume yenyewe ikafungua kesi mwaka 2012. Mapingamizi ya awali ya serikali yakatupwa. Hukumu ya 26 Mei 2017 ikakataa hoja kwamba Waogiek ndio waharibifu wa msitu, na Juni 2022 ikaamriwa fidia ya shilingi za Kenya 157,850,000 pamoja na hatimiliki ya ardhi. Utekelezaji umekuwa vita nyingine.

Jambo jingine, na hili tumelisema mpaka tumechoka: Mahakama ya Afrika haimfungi mtu. Anayeshtakiwa pale ni dola. Ukitaka askari aliyekupiga afungwe, hiyo ni jinai, ianzie nyumbani. Wala msiichanganye Mahakama ya Afrika na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyopo Arusha hiyohiyo, ambako una miezi miwili tu tangu tendo kufanyika au tangu ulipolijua. Siku moja ikizidi, faili linafungwa.

Mwenye bahasha ya kaki amerudi wiki hii na notisi, imekunjwa mara nne, tarehe na muhuri vinasomeka. Barua ameiandika upya. "Genge" bado limo, aya ya pili. Tumekaa naye, tunaliondoa.