Namba kubwa kwenye boksi haikingi sikio

"Daktari, mimi siko hatarini. Niliagiza kinga za masikio za namba kubwa kuliko zote." Walenga shabaha wa Nairobi na Kiambu wameniambia hivyo mpaka nimechoka, na mara nyingi anayesema ndiye ambaye grafu yake ya kipimo cha usikivu inaporomoka kwenye kilohezi 4, yaani kwenye sauti nyembamba, mahali pale pale inapoporomoka ya fundi wa kinu. Acha niyajibu madai yao yote mara moja, nikianza na hilo.

"Namba kubwa, kinga kubwa"

Kwanza, namba zenyewe ni za aina mbili. Boksi la Marekani lina NRR, la Ulaya lina SNR. Zote zinataja desibeli, yaani kipimo cha ukali wa sauti, ambazo kifaa hupunguza, ila hazipimwi kwa njia moja. Kiziba kilekile cha sponji, kile kinachoingia ndani ya sikio, kinaweza kuandikwa 29 huku na 37 kule. Anayelinganisha vifaa mtandaoni bila kusoma herufi zinazotangulia namba anajidanganya mwenyewe. NRR ya viziba vya sponji huishia 33. Muuzaji akikuapia kwamba yake ni 37, ama hajui anachouza, ama anaamini wewe hujui unachonunua.

Pili, na hapa ndipo subira inaponiishia, namba hiyo ilitoka maabara. Mtu aliketishwa kwenye chumba kimya, kifaa kikavaliwa barabara, hakuna miwani, hakuna kutafuna, hakuna kugeuza shingo. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilishauri mwaka 1998 kwamba vifunika masikio, vile vya vikombe viwili, vipunguziwe robo ya namba yake, na viziba vya sponji nusu nzima. Yako ya 29 imebaki 14 na ushei.

Sponji yenyewe haina kosa. Kosa ni uvaaji. Nikimwambia mtu avae mbele yangu, naona yale yale: anaibonyeza kidogo, anaichomeka kama kizibo cha chupa, anaachia, na nusu yake imebaki nje. Sponji huviringishwa kwa vidole mpaka iwe nyembamba isiyo na mikunjo. Mkono wa upande wa pili unapita juu ya kichwa, unavuta sikio kwenda juu na nyuma ili njia inyooke. Unaingiza, halafu unaishikilia kwa kidole sekunde 20 hadi 30 ikitanuka. Sauti yako mwenyewe ikianza kuvuma kichwani, imekaa. Mwenzako akisimama mbele yako na kuiona imechomoza, toa uanze upya.

Vifunika masikio navyo vina adui wao, miwani. Uwanjani miwani ni lazima, na mkono wake ukiwa mnene unaacha mwanya kati ya mto wa kikombe na ngozi. Tafuta miwani yenye mikono myembamba, bapa. Kofia, rasta na wigi ni hivyo hivyo: mto ukae kwenye ngozi, si juu ya kitu. Kama unatumia raifo au shotigani, angalia pia unene wa kikombe. Kile kinene hugonga kitako cha bunduki ukiegesha shavu, kikanyanyuka wakati ule ule unaovuta kifyatulio. Mtu wa bastola hana shida hiyo. Wa raifo namshauri achukue kikombe chembamba, kisha chini yake avae sponji.

Tena ushauri huo ninampa kila mtu, hata wa bastola, hasa kwenye uwanja wenye paa na kuta: vaa vyote viwili. Ila usijumlishe 29 na 25 ukapata 54. Kanuni ya vitendo ni kuchukua namba iliyo kubwa na kuongeza desibeli 5 hivi. Watu huzicheka desibeli 5, lakini maana yake nishati inayoingia sikioni inashuka mpaka chini ya theluthi moja. Kuna ukomo, kwa kuwa sauti nyingine hupita kwenye mfupa wa fuvu, na huo hauna kiziba.

"Masikio yangu yameshazoea"

Unachokiita kuzoea ni uziwi ulioanza. Seli nywele zinazopokea sauti kwenye koklea, ndani kabisa ya sikio, zikifa kwa binadamu hazioti tena. Kuku anaotesha nyingine, sisi hatujajaliwa hivyo. Na masikio yanayolia jioni yakatulia asubuhi si ushahidi kwamba hakuna kilichoharibika. Utafiti wa panya uliochapishwa 2009 ulionyesha usikivu ukirudi kwenye kipimo huku viunganisho vya neva vimepotea moja kwa moja. Kwenye chumba kimya unajiona mzima. Harusini huelewi neno, na kwenye simu "elfu sita" imekuwa "elfu tisa".

Yakilia mpaka kesho yake, njoo siku hiyo hiyo. Usingoje mwisho wa mwezi.

"Hii ni .22 tu"

Raifo ya .22, ile ya risasi ndogo, hukaribia desibeli 140 kwenye kilele, na hapo ndipo penye mpaka wa mtu mzima asiye na kinga. Bastola ya .22 inauvuka, na ya milimita 9 inapita 155. Sikio lina misuli inayojikaza kelele ikija, ni kweli, ila ikianza kujikaza mlio umeshapita.

"Vya kielektroniki vinakuza mlio"

Vifunika masikio vya kielektroniki vinakuza mazungumzo. Kelele ikifika kwenye desibeli 82 hadi 85 hivi, maikrofoni zinakata, na betri ikiisha kikombe bado ni kikombe. Mimi ninavipenda kwa wanaoanza, kwa sababu anayemsikia msimamizi wa uwanja hana haja ya kunyanyua kikombe kila akiitwa. Vingi vina NRR ya chini, 22 au 23, kwa hiyo weka sponji chini yake, ongeza sauti, utamsikia vizuri tu.

"Pamba inatosha"

Haitoshi. Wala ganda la risasi, wala vile visikilizio vya simu vya kufuta kelele, ambavyo vilitengenezwa kwa mngurumo wa ndege unaoendelea na si kwa kishindo cha ghafla.

"Nina sailensa"

Sailensa, kifaa cha kupunguza mlio kinachofungwa mdomoni mwa bunduki, hupunguza desibeli 20 hadi 30 hivi. Kama mlio wa bunduki ni 160, toa hizo uone umebaki wapi. Risasi inayokwenda kasi kuliko sauti ina mpasuko wake hewani, na huo sailensa haiugusi.

"Mimi nimekuja kutazama tu"

Aliyesimama pembeni wakati mwingine huumia kuliko mpigaji, hasa bunduki ikiwa na kile kipande cha mdomoni cha kupunguza teke, kwa kuwa kishindo kinasukumwa upande wake. Kwa watoto Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa desibeli 120, si 140. Kikombe cha mtu mzima hakifungi kichwa cha mtoto wa miaka sita hata ukikibana vipi. Mnunulie cha saizi yake kabla ya kumleta, na kama hujakipata, abaki nyumbani.