Mbegu kuota vizuri si ushahidi kwamba kuvu yake iko hai

Swali hili haliishi: "Mbegu imeota asilimia 95, kuvu itakosaje kuwemo?" Itakosa, na mara nyingi hukosa. Kuvu ninayoisema ni Epichloë ya ndani ya raigrasi na feskyu ndefu, si ukungu wa ghalani. Katika nyasi hizi za malisho hairushwi na upepo. Nyasi mama huirithisha kwa mche kupitia mbegu. Ikifia ndani ya mbegu, mche utatoka bila kuvu na hautaipata baadaye.

Nayo kuvu hufa kabla ya kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu. Joto na unyevu vikikutana ghalani, miezi michache hutosha kuiua huku mbegu ikiendelea kuota kama kawaida. Kausha mbegu kwanza, ifunge kwenye foili isiyopitisha hewa, ndipo uiweke kwenye nyuzijoto 5 za Selsiasi au chini yake. Mfuko wa karatasi ndani ya friji haufai, maana friji ina unyevu na mbegu huunyonya.

Linaloniudhi zaidi ni kipimo. Watu huloweka mbegu usiku kucha katika sodiamu haidroksaidi ya asilimia 5, wanasuuza, wanatoa maganda, wanatia rangi ya anilini bluu, wanaiponda chini ya kioo, kisha wakiona kwa hadubini nyuzi za kuvu zilizojipinda kwenye aleuroni (tabaka jembamba chini ya ganda la mbegu) wanaandika "ipo". Rangi hiyo hushika nyuzi hai na zilizokufa vilevile! Jibu la kweli ni mche. Uoteshe, subiri wiki 6 hadi 8, vua ala ya jani la nje (sehemu ya jani inayozingira shina), bandua ngozi nyembamba ya upande wa ndani, tia rangi. Nyuzi hai zitaonekana zimenyooka sambamba na seli, matawi machache mno. Pima miche 100. Ukipata 70 yenye kuvu, kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 60 na 79 hivi. Miche 20 haikuambii mengi.

Je, kuvu huongeza uotaji wenyewe? Majaribio yanapingana, na vitabu vinavyosema "huongeza" vinaharakisha. Faida iliyo wazi huja baada ya kuota: New Zealand, raigrasi isiyo na kuvu huangamizwa na fukusi wa shina wa Argentina, kwa kuwa peramini, kemikali inayotengenezwa na kuvu, ndiyo inayomfukuza.

Lakini aina ya kuvu ni muhimu kuliko kuwepo kwake. Ya kienyeji ya raigrasi hutoa lolitremu B, sumu inayowayumbisha kondoo. Feskyu ndefu iitwayo Kentucky 31, iliyotolewa kwa wakulima 1943, ina kuvu inayotoa ergovalini, sumu inayowaumiza ng'ombe. AR1, aina nyingine ya kuvu, haina sumu hizo mbili, ila peramini inayo.

Kwa hiyo usinunue kwa kusoma asilimia ya uotaji peke yake. Uliza ni aina gani ya kuvu, kipimo cha miche kilifanywa lini, na mbegu ilikaa wapi tangu siku hiyo. Na usiipake dawa ya kuvu yenye kupenya ndani ya mmea kabla hujajua kama haiui hii uliyoilipia.