Nzi wa ndizi mbivu: spishi husomwa nyuma ya dume

Ndizi iliyoanza kuchacha, iwe sokoni Buguruni au Kisutu, Dar es Salaam, au jikoni kwako, haikosi vijinzi vya milimita mbili hadi tatu, vyenye macho mekundu na mwili wa rangi ya kaki. Wanafunzi wengi huandika papo hapo *Drosophila melanogaster*, kwa kuwa ndilo jina walilolisoma. Huenda ni kweli. Lakini kama mkononi una jike mmoja tu, huna ushahidi wa kutosha kuliandika.

Kwanza tenga wasiohusika. Mwenye kibyongo, anayekimbia huku na huko kabla ya kuruka, ni wa familia ya Phoridae. Mwenye mistari myeupe inayotoka kichwani hadi mwisho wa kifua ni *Zaprionus*, na Afrika ana ndugu wengi. Wala usichanganye na nzi wa maembe, *Bactrocera dorsalis*, ambaye ni mkubwa zaidi na wa familia nyingine. Yeye naye ametusumbua kwa jina: alionekana pwani ya Kenya mwaka 2003, akapewa jina *B. invadens* mwaka 2005, kisha mwaka 2015 jina hilo likaunganishwa na *B. dorsalis*.

Sasa kazi yenyewe. *D. melanogaster* alipewa jina mwaka 1830. *D. simulans*, anayefanana naye mno, alitenganishwa na Alfred Sturtevant mwaka 1919 tu. Wawili hawa wakipandana, watoto wanaopona huwa tasa; kwa hiyo ni spishi mbili kweli, ingawa jicho halioni tofauti.

Tofauti ya kutegemewa iko kwenye sehemu za uzazi za dume. Mlaze ubavu chini ya hadubini ya kukuza mara 40 hadi 50, mwanga utoke pembeni, kisha sukuma ncha ya tumbo taratibu kwa sindano ya insulini. Nyuma kuna bamba lenye kijipande kilichochomoza. Kwa *simulans* kijipande hicho ni kipana na cha mviringo kama gamba la chaza. Kwa *melanogaster* ni kidogo, chembamba, kimepinda. Tazama pia mguu wa mbele: wote wawili wana kitana kimoja cheusi cha meno mafupi kwenye kipingili cha kwanza cha wayo. Ukikuta safu kadhaa zilizokingama, umetoka nje ya kundi hili, mfikirie *D. ananassae*.

Kama bamba halionekani, kata ncha ya tumbo uiweke kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, kichupa kikiwa ndani ya maji ya moto, dakika tano hadi kumi. Vaa glavu na miwani, dawa hii inaunguza. Chungulia kila baada ya dakika moja au mbili, maana ikizidi, bamba hung'aa hadi kingo zake zikapotea. Suuza kwa maji yenye tone la siki, hamishia kwenye glisirini ya duka la dawa, na usikandamize kwa kioo cha juu. Kijipande kikilala kimepinda, *simulans* atakudanganya kuwa ni *melanogaster*.

Rangi usiitegemee. Nzi aliyetoka kwenye pupa leo ni mweupe-mweupe, aliyekulia kwenye baridi huwa na tumbo jeusi zaidi, na spiriti huchujua wote. Ufunguo wa utambuzi (maswali yanayokuongoza hadi kwenye jina la spishi) ulioandikiwa Ulaya nao una mtego wake: unakupa spishi mbili uchague moja, wakati bara letu lina ndugu wengine wa kundi hilohilo, kama *D. yakuba*. Ufunguo hautakuambia kwamba nzi wako hayumo.

Jike je? Kama yu hai, mwache azae. Muweke peke yake kwenye chupa yenye ndizi iliyopondwa na chembe chache za hamira, ziba kwa pamba, weka kivulini. Kwenye nyuzijoto 25 watoto hutoka baada ya siku kama kumi. Vyumba vyetu mwezi Februari hupita 30, na hapo madume huanza kukosa uzazi. Tafuta mahali penye ubaridi. Wana wa kiume wakitoka, wasome wao, kisha mpe mama jina lao. Wakitoka majike watupu, usikimbilie kudhani ni chotara wa spishi hizi mbili, kwani wapo bakteria wanaoua viinitete vya kiume. Jike aliyekufa bila kuzaa mwandike "*melanogaster* au *simulans*". Hilo ni jibu kamili.

DNA inasaidia, ila isibaki peke yake. Kipande cha jeni ya COI, ambayo hutumika kutambua spishi, chenye herufi 658 za DNA, kinaweza kuwa kilekile kwa baadhi ya *simulans* na *D. mauritiana* wa Mauritius; na jina lililoko kwenye hazina ya data liliwekwa na mtu aliyetazama nzi, au ambaye hakumtazama. Hifadhi nzi wa kupimwa DNA kwenye ethanoli ya asilimia 95, wa kupasua kwenye ya asilimia 70, lebo ya penseli iwe ndani ya kichupa, kwa kuwa wino huyeyuka. Unapochukua sampuli ya DNA kwa dume, kata miguu ya kati na ya nyuma. Ya mbele iache, kitana kiko hapo.